Maisha ya Tata Kisimba Nkulu Louis, Rubani Aliyepigwa Picha Kuliko Alivyoruka

Imesomwa na Fidélie, binti yake wa kwanza, makaburini Kolwezi, Jumamosi tarehe 12 Septemba 1987.

Mbele ya Mungu na mbele yenu, wazee wetu, wachungaji, majirani wa Manika na ninyi nyote mliolala nasi kwenye matanga, jamaa ya Nkulu inawaeleza maisha ya baba yetu, Tata wetu, kama yeye mwenyewe alivyoagiza. Wajomba zangu wawili waliniomba nifupishe. Lakini Tata, alipokuwa bado na nguvu ya kusema, alinishika mkono akaniambia: "Fidélie, bananipigaka picha mingi ya uongo. Siku ya kunizika, usibaongezee ingine." Kwa hiyo nitasoma yote. Mtanisamehe pale sauti itakapokatika.

Tata Kisimba Nkulu, aliyebatizwa kwa jina la Louis, alizaliwa Mutshatsha tarehe 3 Machi 1930. Alikuwa mtoto wa tatu wa Tata Nkulu, aliyetoka upande wa Kabongo kuja kufanya kazi ya reli, na wa Mama Ngoy, aliyelima mihogo nyuma ya nyumba za wafanyakazi. Bibi yetu alipenda kusimulia siku mwanawe alipoona ndege kwa mara ya kwanza. Kisimba alikimbia akiitazama juu, juu, juu, mpaka akatumbukia katika shimo la wachoma makaa. Makaa yalikuwa yamekwisha kupoa, Mungu ashukuriwe. Alirudi nyumbani mweusi tii, meno tu yakionekana. Bibi alimchapa kwanza, akamwosha baadaye, na Kisimba alikuwa bado anatazama juu.

Alisoma shule ya misheni pale Mutshatsha, kuanzia mwaka 1937 hadi 1943. Mwaka 1945 alikuja Kolwezi kujifunza ufundi wa mashine, akamaliza 1948. Mwaka uliofuata aliajiriwa kwenye uwanja wa ndege: kuosha ndege, kujaza mafuta, kubeba mizigo, baadaye kufungua injini na kuzifunga. Rubani mmoja wa Kibelgiji alizoea kumketisha kando yake ndege ikijaribiwa, na huko juu alimwachia usukani. Walikubaliana wasimwambie mtu.

Tarehe 28 Julai 1955 alimwoa Mama Adolphine Mwenze hapa Kolwezi. Mungu aliwapa watoto sita, akawachukua wawili wangali wadogo. Mama yetu husema: "Niliolewa na fundi, nikaamka siku moja niko na rubani." Mwaka 1962 Tata alipelekwa Ulaya, akarudi mwishoni mwa 1964 na leseni mfukoni. Katika Lualaba yetu yote, hakuna mtoto wa hapa aliyeipata kabla yake.

Kwa zaidi ya miaka saba alirusha ndege ndogo kwenda Dilolo, Sandoa na Kapanga. Alibeba barua, dawa, mishahara, wagonjwa, na mara moja mbuzi jike wa mchungaji, aliyezaa angani. Alipopita juu ya Mutshatsha aliinamisha bawa moja, na Bibi alitoka mbio na kitambaa cheupe hata kama chungu kilikuwa motoni. Kazi hiyo ilikuwa ya kweli. Ninaisema kwa fahari, kwa sababu mambo ninayoyasoma baada ya hapa hayana fahari.

Mwanzoni mwa 1972 kichwa kilianza kumuuma, na taa akaziona zimezungukwa na duara la rangi. Daktari alisema ni presha ya macho. Jicho la kushoto lilikuwa limekwisha kufa, na la kuume lingelifuata polepole. Mwezi wa tano alinyang'anywa leseni. Mwaka huohuo, kwa amri ya serikali, majina ya ubatizo yaliondolewa kwetu sote, na Louis akabaki Kisimba Nkulu tu. Tata alisema mezani: "Mwaka moya, bananitosha jina na jicho," yaani wamemwondolea vyote viwili. Tulicheka. Yeye hakucheka.

Ndipo mkubwa mmoja wa mambo ya habari, ambaye hakuniachia ruhusa ya kumtaja, alipofika nyumbani. Alimwambia Tata kwamba wananchi walihitaji kumwona, na kwamba jicho lake halikuwa jambo la kutangazwa. "Citoyen Commandant," alisema, yaani mwananchi rubani mkuu, "hatukuombe kuruka. Tunakuomba kusimama."

Tata alikubali. Alituambia baadaye kwamba asingeweza kuvumilia kuwa mtu wa chini kama watu wengine. Tuliachiwa nyumba ya kazi, tukaletewa radio na gunia la sukari kila mwezi. Sukari hiyo tuliinywa sisi watoto, na chai ilikuwa tamu.

Picha zilizotundikwa ukutani kwetu tangu Jumanne, ambazo wengi wenu mmezitazama, zilipigwa miaka ile. Mpiga picha ni Tata Kyungu, rafiki yake, ambaye yuko hapa. Mnamwona marehemu akikata utepe kwenye mgodi wa Mashamba, akiwapa wanafunzi mkono, akipiga saluti siku ya sikukuu, akishuka katika ndege kwa shati jeupe lenye mistari ya dhahabu begani. Kwa kila picha ya ndege palikuwa na mpango. Rubani wa kweli alikuwa kijana aitwaye Muamba. Aliendesha mpaka chini, kisha akabaki ndani, amevaa shati la fundi, na Tata aliyekuwa ameketi kando yake akatangulia kushuka kwa makofi. Watu wakimwuliza Muamba wewe ni nani, alipaswa kujibu kwamba yeye ni fundi wa Commandant.

Tarehe 20 Agosti 1975 walikwenda hivyo mpaka Kalamba, kijiji cha kaskazini ya Musumba chenye kiwanja cha majani. Wakubwa walikuwa na sikukuu ya kufungua shule. Ndege ilitua asubuhi, picha zikapigwa. Kisha wakubwa waliondoka kwa jeep kwenda kula kwa chifu, na Muamba akachukuliwa pamoja nao ili awarekebishie jeep ikikwama, kwa kuwa alijulikana kuwa fundi. Tata aliachwa kando ya ndege ili watoto wa shule wapite kumwona.

Palikuwa na mama mmoja, Mama Tshibola, mke wa Tshibangu mchuuzi wa vitambaa, watu wa Kasai waliohamia huko. Alikuwa mama wa mapasa, yaani pacha, Mbuyi na Kanku, wasichana wa miaka miwili. Mbuyi alikuwa mzima. Kanku alikuwa na homa tangu usiku, na mama yake alikuwa amepanda naye katika lori la mihogo lililokuwa likielekea Musumba, kwenye hospitali. Lori lilipopita kando ya kiwanja, Mama Tshibola aliona ndege na mtu wa dhahabu begani. Alimwomba dereva asimame, akaja mbio, mtoto mgongoni.

"Commandant, mutoto anawaka moto. Lori itafika Musumba mangaribi, jua ikizama. Na ndeke?"

"Kidogo tu, mama," Tata alimjibu. "Shuka na bitu byako. Fête ya shule ikiisha, naruka naye."

"Kweli, Tata?"

"Kweli."

Ndipo Kyungu, aliyekuwa mbali asiyasikie maneno yao, alipoinua mashine yake akapiga picha: Tata ametabasamu, mkono juu ya pangaboi la ndege, na pembeni mama na mtoto wake. Dereva alipiga honi. Mama Tshibola alimpungia mkono aende zake.

Tata aliamini kwamba Muamba angerudi mara baada ya chakula. Hilo alilisema kila mara aliposimulia, na kila mara aliongeza kwamba halimtoi katika kosa. Alipaswa kusema neno moja: mimi siye mwenye kurusha. Lori lilikuwa bado hapo. Lakini watoto wa shule walikuwa wakimtazama, na neno hilo halikutoka.

Jua lilipopinda, Mama Tshibola alimrudia Tata kutoka kwenye kivuli cha bawa. "Tata, juu ya nini hauwashe ndeke?"

"Moteur ya ndeke ingali na moto, mama. Inapumzika kidogo."

"Mutoto naye anapumzika," mama akasema. "Lakini sipendi vile anapumzika."

Jeep ilirudi jua likizama. Kiwanja hakikuwa na taa. Kanku alikufa kabla giza halijatimia, chini ya bawa la ndege ambayo injini yake ilikuwa baridi tangu asubuhi. Alfajiri Muamba aliiwasha ili ampeleke mama na maiti kwa watu wake Musumba. Mama Tshibola alitazama mlango uliofunguliwa, akafunga kitambaa chake vizuri, akatembea kwenda barabarani kungoja lori.

Tata alirudi Kolwezi asiseme kitu. Mwezi wa kumi na moja alivishwa medali, na alisimama sawasawa kama kawaida. Mwisho wa mwaka kalenda mpya ya 1976 ilitoka, na picha yake ilikuwa ile ya Kalamba. Iligawiwa kila mahali, kwa wafanyakazi, kwa shule, kwa maduka. Mchapaji alikuwa amekata pembeni ili Commandant akae katikati, kwa hiyo lilibaki bega la mama na nusu ya uso wa mtoto. Mama Adolphine aliitundika salon, chumba chetu cha wageni, kwa furaha. Tata aliishusha. Mama akairudisha, akamwuliza kama anaona haya ya uso wake mwenyewe. Mwaka mzima alikula akiwa ameipa mgongo, na sisi tulidhani ni unyenyekevu. Alipokwenda kunyoa, ilikuwepo. Alipokwenda kumzika jirani, ilikuwepo ukutani, juu ya jeneza.

Aliendelea kusimama na kupigwa picha miaka miwili mingine. Alitaka nisiwafiche hilo. Akasema kuacha palepale kungekuwa nusu ya toba, naye hakuwa na hiyo nusu.

Vita ya 1978 ilipopita, ofisi ya picha ilikuwa imevunjika madirisha, na Tata Kyungu alichukua masanduku akayaweka chini ya kitanda chake yasiloe mvua. Mwaka 1980, jicho la kuume la Tata likiwa linafungwa kama mlango, Kyungu alituletea sanduku moja mchana wa Jumapili ili kumfurahisha. Tata hakuweza tena kuziona. Akaniomba nimweleze kila picha, nami nikawa namwambia: hapa ni Mashamba, hapa ni siku ya medali, hapa mnacheka na walimu. Nikafika kwenye ile ya Kalamba, ile kamili, isiyokatwa.

"Pembeni kuna mama moja," nikasema. "Anabeba mutoto ku mugongo. Anakutazama."

Tata aligeuza sikio kwangu. Kisha akauliza: "Mutoto anafungula macho?"

"Ndiyo, Tata. Anafungula."

Alisimama, akapapasa mpaka mlangoni, akatoka. Tulimkuta nyuma ya nyumba amekaa chini, na hapo, mbele ya Mama, ya Kyungu na yangu, alisimulia kwa mara ya kwanza. Kyungu, ambaye usiku ule wa Kalamba alilala kwa chifu asijue kitu, alilia. Mama Adolphine hakulia. Alisema: "Na mi niliitundika ku salon." Akaingia jikoni, na hakusema na mumewe siku nyingi.

Mwezi wa saba mwaka 1981 Tata alipanda malori mpaka Musumba, mimi nikimwongoza. Njia ile mnaijua. Tulimpata Mama Tshibola sokoni, akitandaza vitambaa vyake. Alimtambua mara moja, ingawa Tata alikuwa amevaa shati la kawaida na kofia ya majani.

"Karibu, Commandant. Kiti iko."

Tata hakukaa. "Mama, mi sikukuwa rubani ile siku. Jicho ilikuwa imekufa tangu miaka tatu. Moteur ilikuwa baridi. Nilikudanganya, na lori ilikuwa pale."

Mama Tshibola alimaliza kukunja kitambaa alichokuwa nacho. "Nilijua," akasema. "Muamba aliniambia ile mangaribi, analia. Miaka yote nangoja kinywa yako."

Kisha alitoa katika mkoba wake kipande cha kalenda. Alikuwa amemkata Tata akamtupa, akabaki na pembeni: bega lake mwenyewe na nusu ya uso wa Kanku. Hakuwa na picha nyingine ya mtoto yule.

"Sikuambie ninakusamehe," akasema. "Neno ile lelo sina. Enda useme kwa bale balikupigia mikono. Na mutoto yangu, balimukata kichwa nusu. Uniletee muzima."

Tata alitimiza yote mawili. Jumapili moja ya mwezi wa tisa alisimama kanisani hapa Kolwezi, akasema kila kitu, akiomba watu wasimpigie kofi hata moja. Kisha alikwenda katika shule alizopigwa picha, bila kofia, mkono wake begani mwangu. Mkurugenzi mmoja alitufungia mlango. Katika shule moja wanafunzi walicheka, na Tata akangoja wamalize, akaendelea. Aliitwa na wakubwa kuhojiwa, akarudi nyumbani. Nyumba ya kazi ilichukuliwa, ndiyo maana mlitupokea ninyi wa Manika. Mjomba Kalenga alimwambia ameipaka jamaa matope. Mama Adolphine alianza kukaanga mikate ya kuuza, na kwa hasira alimwuliza: "Ungesema tangu mbele, tungekula nini?" Tata akajibu: "Bukari yetu ya mihogo, bila sukari, mama Fidélie. Kama bengine." Ilichukua muda, lakini siku moja Mama alimwekea chakula akaketi kula naye, na sisi tukajua yamekwisha.

Kyungu alichapa uso wa Kanku peke yake, mkubwa, safi, macho yakitazama. Tuliupeleka Musumba mwaka 1982. Wakati huo Tata alikuwa kipofu kabisa. Mama Tshibola alifuta mikono yake kwenye kitenge kabla ya kuipokea picha, akaitazama mpaka watu wa sokoni wakaacha biashara zao. Akamwita Mbuyi, aliyekuwa na miaka tisa. Akauchukua mkono wa Tata, akauweka juu ya kichwa cha msichana.

"Kanku angekuwa na urefu hii," akasema.

Tata aliuacha mkono pale mpaka mtoto mwenyewe aliposogea. Safari nzima ya kurudi aliuweka mkono ule juu ya goti, umefunguka, kama mtu aliyeshika kitu kinachomwagika.

Miaka yake ya mwisho aliishi kwa utulivu, lakini nisiseme kwa amani. Mchungaji wetu alimhakikishia kwamba Mungu amemsamehe. Tata alimshukuru, akajibu: "Mungu, ndiyo. Lakini sikumushusha Mungu mu lori." Mwezi wa saba mwaka huu damu ilimpanda, upande wa kushoto ukafa. Alitunzwa nyumbani. Jumanne asubuhi tarehe 8 Septemba, Mama Adolphine alikuwa akimnywesha uji. Alimeza kijiko kimoja, akageuza uso polepole kuelekea dirishani, na cha pili hakukipokea.

Ameacha mjane, Mama Adolphine Mwenze, watoto wanne, Fidélie, Ngoy, Mbelu na Nkulu mdogo, wajukuu saba, dada yake mmoja aliyeko Kabongo, na rafiki yake Kyungu, aliyekesha nasi siku zote hizi.

Alhamisi, treni ya kutoka Mutshatsha ilimleta Mama Tshibola, ambaye anakaa huko na mumewe tangu miaka mitatu. Alikuja na Mbuyi. Hatukuwa tumemwita, hatukuthubutu. Alivua viatu, akaketi mkekani kati ya wanawake wa matanga, akalala pale siku mbili. Jana wazee wa jamaa, wakiongozwa na Mjomba Kalenga, walimwendea kwa heshima, wakamwuliza kama sasa anaweza kumsamehe marehemu, ili aende mwepesi. Aliwatazama mmoja mmoja.

"Nilikuya kumuzika," akasema. "Ile ingine mutaniuliza siku ingine."

Sasa hivi mtamwona akitia udongo, baada ya Mama yetu na kabla ya sisi watoto. Ndiye aliyeomba nafasi hiyo, na Mama ameikubali.

Tata wetu, lala. Amani ya Bwana ikufikie humo ulimo.